Maji Yakishazama

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo linakunywa maji. Chimba shimo Kibokoni au Majengo, mwaga ndoo nzima, geuka umwambie turuboi, kijana wako wa kazi, akuletee ya pili. Ukirudisha macho, shimo li tupu. Mafundi wanaotoka bara hushangaa, maana kwao shimo la maji taka hujaa, likaitiwa lori likanyonywa, likajaa tena. Hapa kwetu kuna mashimo yaliyochimbwa na mababu ambayo hayajawahi kufunguliwa. Wenye nyumba hulitaja jambo hilo kwa fahari wanapomtembeza mpangaji: vyumba viwili, mfereji ndani, na shimo lenyewe halijai.

Mimi ni fundi wa mabomba. Kazi yangu, kwa ufupi, ni kuyaondoa maji mbele ya macho ya watu. Yakishazama kwenye tundu la sinki, mwenye nyumba ameridhika na mimi nimelipwa. Lakini miaka niliyolala chali chini ya masinki ya watu imenipa hofu ambayo siwezi kukaa nayo kimya: shimo lisilojaa ndilo linalonitisha kuliko mengine yote.

Nianzie juu, kwenye sinki lenyewe. Chini ya sinki lililofungwa vizuri kuna bomba lililopindwa, linashuka kisha linapanda kidogo kabla ya kuingia ukutani. Kwenye mpindo hubaki maji, kina cha vidole vitatu hivi, na maji hayo machache ndiyo mlango wa nyumba kwa upande wa chini. Hewa ya shimoni haipiti, na mende hupata shida kupita. Wengi hudhani mpindo uliwekwa ili kunasa vijiko na pete. Pete hunaswa kweli, na nimeshazirudishia wenyewe, ila hiyo ni faida ya pembeni tu.

Mimi huitwa sana kwa sababu ya harufu, na harufu yenyewe ni ya yai viza. Aghalabu ni nyumba ya mtu aliyesafiri. Mwenyewe yuko Dubai au Jeddah, nyumba imefungwa tangu alipoondoka, na jamaa wamekuja kuifungua kabla ya Idi. Wameshamwaga dawa, wameshafukiza udi, na bado hawawezi kukaa ukumbini. Hakuna kilichovunjika. Maji ya mpindoni yamekauka kwa joto, mlango umebaki wazi, na hewa ya shimoni imehamia ndani. Dawa yake ni gilasi ya maji kwenye kila sinki na kila tundu la bafuni. Mtu akisafiri tena, baada ya maji amimine vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Mafuta hukaa juu na kuyachelewesha maji kukauka. Hilo silitozi pesa, na nimeliandika hapa ili watu wasije wakatozwa.

Msimu wetu mkubwa ni Ramadhani. Viazi karai, bajia, sambusa, kaimati: kila alasiri karai iko motoni, na kila usiku mafuta yaliyobaki humiminwa sinkini yakiwa bado ya moto, kwa imani kwamba yakiwa ya moto yatakwenda mbali. Mtu atauliza: Mombasa hakuna baridi, mafuta yagande kwa nini? Jibu liko kwenye maji tunayotumia. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye matumbawe, yamebeba chokaa, na ndiyo sababu sabuni haitoi povu upesi ukiyaogea. Chokaa hiyo ikikutana na mafuta ndani ya bomba huzaa kitu kigumu cheupe kinachoshika kuta za bomba tabaka juu ya tabaka. Nimekata mabomba ambayo tundu lake limebaki la kupitisha penseli. Ukikichokoa kwa bisibisi kinatoka mabonge, na ukisugua bonge kati ya vidole utahisi ni sabuni. Na ndivyo kilivyo: ni sabuni ya chokaa, isiyoyeyuka kwenye maji, iliyojipika yenyewe ukutani kwa miaka.

Hapo ndipo watu hununua ile dawa ya chembechembe nyeupe na kuimimina. Magadi makali hayo huchemka yakigusana na maji, hulegeza mipira ya viungio, na humuunguza mikono fundi atakayefungua baadaye. Kwa hivyo kabla sijashika spana huuliza, "Mumetia dawa?" Mara nyingi hujibiwa la, na mara nyingi nikichungulia kabatini naliona kopo. Navaa glavu. Hawasemi uongo kwa ubaya, ni haya tu, na haya ya mtu nyumbani kwake hustahili kulindwa.

Sasa niingie chini ya sakafu, maana ndipo nilipoanza kuliogopa hili jiwe letu.

Majengo kuna bi mkubwa mmoja aliniita kwa sababu sinki lake lilikuwa linachelewa kushusha maji. Nikiwa nimelala pale chini, macho yangu yakavutwa na mguu wa friji. Chini yake palikuwa na kadibodi iliyokunjwa. Chini ya kadibodi palikuwa na kipande cha ubao, na chini ya ubao kipande cha kigae, kila kimoja na rangi yake ya uchafu, cha chini kimeshakuwa cheusi na cha juu bado kipya.

"Bi mkubwa, hii friji mliiinua lini?"

"Hiyo huinamainama, mwanangu. Ikilala mlango haufungi, basi nikamwambia huyu mjukuu aitilie kitu."

Aliitilia kitu mara moja, na tena, na tena, na hakuna aliyejiuliza kwa nini friji inashuka. Nikachukua nyundo nikagonga sakafu kwa mpini. Karibu na mlango mlio ulikuwa mzito. Nikasogea kwa magoti kuelekea sinki, nikigonga kila kigae, na kabla sijafika ukutani mlio ukabadilika, ukawa mtupu. Nikang'oa vigae viwili. Mkono uliingia hadi kiwikoni na sikugusa kitu.

Kiungio cha bomba kilikuwa kimeachana chini ya sakafu. Kila vyombo vilipooshwa, maji kidogo yalitoka pembeni, yakachukua punje za mchanga uliojaziwa chini ya simiti, yakashuka nazo kwenye ufa wa jiwe. Punje kwa punje, kwa miaka. Kule juu hapakuwa na doa, hapakuwa na unyevu, wala kigae kilichopasuka. Mahali pengine bomba likivuja chini ya nyumba, ukuta hulia, rangi huvimba, mwenyewe akajua. Kwetu jiwe huyanywa maji yote na siri yake. Nyumba inadidimia na dalili ni kadibodi chini ya friji.

Tulijaza kokoto na changarawe, tukashindilia, tukaweka bomba jipya lenye mteremko wa kutosha. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na sitaieleza zaidi. Ila tangu siku ile, nikiingia jikoni kwa mtu, naanza kutazama miguu ya vitu kabla ya kutazama sinki.

Kutafuta maji yasiyoonekana nilifunzwa kabla sijajua spana ni nini. Ami yangu alikuwa baharia wa majahazi, na nilipokuwa mdogo alinichukua Bandari ya Kale kukalafati, ile kazi ya kushindilia pamba iliyotiwa mafuta kati ya ubao na ubao ili chombo kisinywe maji. Jahazi hata likikalafatiwa vipi, hunywa kidogo. Maji hayo hukusanyika chini kabisa, kwenye ngama, mahali pa giza ambapo msafiri hapaoni na hana sababu ya kupafikiria. Humo hutiwa mtu mwenye upo, chombo cha kutekea maji, akayateka na kuyamwaga nje, alfajiri na jioni, safari nzima. Ami alikuwa akisema nahodha haulizi kama chombo kinavuja. Huuliza ngama imepanda kiasi gani tangu asubuhi. Chombo kinachozama bahari ikiwa shwari kimezamia ngamani, na watu wakati huo wako juu wanazungumza.

Alikuwa na tabia moja aliyokuwa nayo hadi uzee wake. Kila alipovuka Likoni, alisimama kwanza akatazama kivuko kimeketi majini kiasi gani, ndipo akakanyaga. Watu walimsukuma, akawapisha. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilichokuwa kimepakia watu kupita uwezo wake kilizama asubuhi, na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini kisiwani. Mtu wa rika lake aliyeishi Mombasa mwaka ule hakosi mtu wa kumwombea kwa jina. Ami hakupenda kuzungumzia siku hiyo, nami sitaizungumzia zaidi ya hapa. Nimeitaja kwa sababu wapo vijana wanaovuka kila siku na hawajui, na wanastahili kujua.

Narudi kwenye mashimo.

Chini ya kisiwa chetu kuna maji matamu, maji ya mvua iliyozama. Hayakukaa ndani ya birika. Yameelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe lilelile, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Ndiyo maana visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka kidogo bahari ikijaa na kupwa, na ndiyo maana mtu akifunga pampu kubwa na kuvuta bila kiasi, kisima chake huanza kuwa cha chumvi. Mababu walilijua hili kwa mazoea. Waliteka kwa ndoo na kamba, na kisima kikapata muda wa kurudi.

Walipojenga, walichimba pia choo. Kanuni tunayofundishwa mafundi ni kwamba shimo la choo likae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kwenye jiwe lenye nyufa liongezwe umbali, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji. Mita 30! Mji wa Kale kuna vichochoro ambavyo mita 30 ni nyumba nne na msikiti. Ua ni mmoja, kisima kona hii, choo kona ile, na katikati kamba ya nguo. Enzi nyumba ilikuwa na watu wanane na maji yalitekwa kwa mkono, pengine jiwe lilistahimili. Sasa nyumba hiyohiyo imeongezwa ghorofa, kila ghorofa ina choo cha kuvuta na sinki, na yote yanateremka kwenye shimo lilelile la babu ambalo, kwa sifa, halijai.

Mwanamke mmoja alinipigia simu kuhusu kisima chao. "Maji yanuka, fundi. Ndoo unuse mwenyewe." Nilikwenda. Nikateka, nikanusa, nikamwambia asiyanywe na asiyatie kwenye chakula. Akaniambia huyachemsha. Nikamweleza kwamba kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema, lakini chumvi haitoki, wala naitreti inayotoka kwenye kinyesi na mkojo haitoki kwa moto, na naitreti ikizidi humdhuru mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Nyumbani mwake mlikuwa na mtoto wa binti yake, hajaanza kukaa.

Nilimshawishi amwite afisa wa afya. Afisa alikuja na rangi ya kupimia, ya kijani inayong'aa, akaimwaga chooni kwa jirani aliyekubali, akavuta maji, akatuambia tungoje. Kabla ya Ijumaa ndoo ilipanda kutoka kisimani ikiwa na kijani. Haikuwa nyingi. Ilikuwa rangi hafifu ambayo ungeweza kuipuuza kama hukuwa umeona inapomwagwa. Yule mama aliishika ndoo juani, akaigeuza huku na huku, kisha akaiweka chini na kumtazama jirani yake. Jirani naye alikuwa mtu mzima, mwenye heshima zake, na nilimwonea huruma, kwa sababu hakuwa amefanya ila lile lililofanywa na kila mtu mtaani. Kama rangi ingemwagwa kwa huyu mama, ingetokea kwa mwingine.

Hiyo ndiyo tafsiri ya shimo lisilojaa. Limejaa, ila limejazia kwa jirani. Na kipindupindu si mgeni Mombasa. Kinajua njia hizi za chini vizuri kuliko sisi.

Nilipokuwa nikimweleza turuboi wangu mambo haya, alisema, "Basi maji yakizama ardhini ni mabaya." Hapana. Nilimwambia atazame maji ya mfereji, yale yanayotufikia kwa mgawo. Sehemu ya maji hayo hutoka Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, na yanasafiri kwenye bomba zaidi ya kilomita 200 hadi kwetu. Lakini chemchemi ya Mzima yenyewe ni mvua iliyonyesha kwenye milima ya Chyulu. Chyulu ni milima ya volkano, na mvua ikinyesha haitiririki juu. Inazama kwenye majivu na mawe ya lava, inasafiri gizani makumi ya kilomita, kisha inachomoza Mzima ikiwa safi hata unamwona kiboko akitembea chini ya maji. Kwa hivyo kabla ya kuzama kwenye sinki la Mombasa, maji haya yamekwisha kuzama mara moja. Tofauti ni kilichoko juu. Kule juu kuna msitu na nyasi, na safari ya chini ni ndefu, inachuja. Kwetu juu kuna choo, na safari ya chini ni ya kuvuka ua.

Yasiyoishia visimani huishia baharini. Mtambo wa kusafisha maji taka uko Kipevu, upande wa Magharibi, na mabomba makubwa hayajafika mitaa mingi. Kinachobaki hushuka kwenye Hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara, na nenda Mikindani bahari ikipwa utaona mtaro unavyoingia moja kwa moja kwenye mikoko.

Nimefanya kazi upande ule, na pua yangu ndiyo iliyonifundisha jambo. Niliuchomeka ufito kwenye tope, chini ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, nikauchomoa. Tope lilitoka jeusi, na harufu ilikuwa ileile ya yai viza ya sinki lililokauka. Ileile kabisa. Ni gesi moja, inayotengenezwa na vijidudu mahali ambapo hewa haifiki, iwe shimoni au topeni. Kwenye lile tope kulikuwa na jani la mkoko, jeusi, lakini bado na umbo lake lote na mshipa wake wa katikati. Pasipo na hewa vitu huoza polepole mno. Jani linaanguka, mzizi unafia chini, vyote vinafukiwa, na kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani inabaki imezamishwa humo kwa mamia ya miaka badala ya kurudi juu na kuongeza joto la dunia. Msitu wa mikoko huweka sehemu kubwa ya hazina yake chini, kwenye tope, kuliko kwenye mbao tunazoziona.

Watu wa Gazi na Makongeni, huko Kwale, wamelifanya jambo hili kuwa riziki. Mradi wao wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 unauza hesabu ya kaboni inayohifadhiwa humo kwa wanaotaka kufidia moshi wao, na fedha zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Nilikwenda kule kufunga tangi la mtu, nikakaa jioni na wazee, na walichonishangaza ni jinsi wanavyolizungumzia tope kwa upendo. Kwetu Tudor tope ni mahali pa kutupa.

Tope huhifadhi, na Mombasa ina ushahidi wa hilo ambao wanafunzi hupelekwa kuutazama. Mwaka 1697, Waarabu wa Oman wakiwa wameizingira Ngome ya Yesu, manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama pale chini ya kuta za ngome. Wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Mbao zilizokuwa wazi majini zilikuwa zimeliwa, lakini zilizofukiwa na tope zilikuwepo, baada ya karibu miaka 280, pamoja na vyombo vya mabaharia, na sehemu ya vitu hivyo imewekwa kwenye jumba la makumbusho ndani ya ngome. Ami alipenda kwenda kuvitazama. Mimi huangalia vyungu na kuwaza kwamba tope lile lile linalotunza vyungu vya 1697 linatunza pia tunachokimimina leo. Halichagui.

Na lina mpaka wake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara ukamwagikia Mwache, nyuma ya Hori la Port Reitz. Udongo ulifunika mizizi ya kupumulia ya mikoko, na msitu mkubwa ukakauka ukiwa umesimama. Mikoko ilikuwa imelipokea tope la mto tangu zama na zama. Siku ile ilipewa kuliko uwezo. Ninapoona mtaro wa Mikindani ukifurika, na kila ghorofa mpya ikiongeza bomba lake, huwaza Mwache.

Sasa hivi, ninapoandika, kuna kazi moja nimeisimamisha. Mwenye nyumba, mtu mwema, mlipaji, ameniita kwa sababu shimo lake limeanza kurudisha maji. Nyumba ina wapangaji ghorofa tatu. Anataka tuteremke na mtarimbo hadi tukute maji ya chini, kwa sababu amesikia shimo likishafika majini halijai tena maisha. Amesikia sawa. Halitajaa. Hatua chache kutoka pale kuna kisima ambacho majirani wote hukitegemea mgawo wa mfereji ukikatika, na mgawo hukatika sana. Wasioweza kununua mitungi ya mkokoteni kila siku, hunywa cha kisimani.

Nilimwambia, "Mzee, siwezi kulichimba hilo." Akanyamaza. Nikamweleza habari ya tangi la simiti la vyumba viwili, lililopakwa ndani lisivuje, uchafu ubaki chumba cha kwanza, na lori lije kunyonya kila linapojaa. Akaniuliza, "Yaani nilipe ili nipate shimo linalojaa?" Nikamwambia ndiyo, hasa hilo ndilo analolipia. Linalojaa unaliona, unalihesabu, unalimaliza kwa njia yake. Sikumkasirisha, alikuwa akifikiri. Aliniomba nimwandikie hesabu mbili, ya tangi na ya kuchimba. Nimemwandikia ya tangi peke yake, na pembeni nikamwekea gharama ya lori kwa mwaka ili asije akashtuka baadaye, na njia ya kuipunguza: maji ya masinki yachujwe mafuta kwanza kwenye kisanduku kidogo kabla ya kuingia tangini, na kila mpangaji awe na mkebe wa mafuta ya karai, usio na kingine.

Bado hajanijibu. Huenda akatafuta fundi mwingine, na wapo watakaoichukua kazi asubuhi na kuimaliza kabla ya magharibi. Kwa hivyo nimekwenda mwenyewe kwa majirani wa kisima, nikawaeleza kinachopangwa, nikawaambia jina la ofisi ya kaunti ya kwenda kuuliza na maneno ya kusema wakifika. Yule mama wa ndoo ya kijani ameahidi kufuatana nao. Turuboi wangu nimempa kazi ya kupima kwa utepe kutoka shimo hadi kisima, aandike kwenye karatasi, ili wasiende mikono mitupu.